Bibi Salme: Binti wa Sultani aliyekataliwa na nduguye

MSOMAJI, ukipanda matatu Voi, upite Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, utaufikia mpaka wa Tanzania, mlima Kilimanjaro ukiuona ng'ambo. Mwanzoni mwa 1885 mpaka huo haukuwapo. Nchi hiyo ilikuwa ikigombewa, na ugomvi wenyewe uliwakumba hata ndugu wawili wa nyumba ya Sultani wa Unguja.

Salme alizaliwa mwaka wa 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Babake alikuwa Seyyid Said. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi. Wasichana wa kasri walifunzwa kusoma tu, lakini Salme alijifunza kuandika kwa siri. Kumbe ujuzi huo ndio utakaomponza! Mwaka wa 1859 Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao, Seyyid Majid, aliyemwandikia barua zake ni Salme, msichana wa miaka 15. Njama ikavunjika, Barghash akahamishiwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na jambo hilo lilimuudhi Barghash.

Mwaka wa 1866 Salme alitoroka akiwa mja mzito wa mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Huko Aden alibatizwa jina la Emily, wakaoana, wakahamia Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa. Akaachwa na watoto watatu wachanga katika nchi ya baridi, hana baba wala ami wa kumkimbilia.

Sasa turudi Taita. Mwaka wa 1885 Barghash, wakati huo akiwa ndiye Sultani, alimtuma Jenerali Mathews huku bara, hadi Kilimanjaro, ili machifu wakiri kuwa chini yake. Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake. Salme alikuwa amekuja na kikosi hicho kudai urithi.

Hebu jiweke mahali pa Barghash. Huyo ni dada, au ni mzinga mwingine?

Alikataa kumwona. Nao Wajerumani, walipopata walichotaka bara, wakayaweka kando madai ya Salme. Mwaka wa 1886 wao na Waingereza wakachora mstari: Kilimanjaro kwa Ujerumani, Taita na Taveta kwa Uingereza.

Salme alirudi Unguja tena mwaka wa 1888, Barghash akiwa keshafariki. Hakupata kitu. Alikufa Ujerumani mwaka wa 1924. Katika vitu vyake palikutwa mfuko wa mchanga wa Unguja, akazikwa nao Hamburg.