Vumbi la kazi lisivuke mlango

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama wa nyumbani, leo naanza na habari yangu mwenyewe.

Wakati wa likizo nilirudi Kamina, mji niliozaliwa, pale zinapokutana njia za reli za Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Ilikuwa kiangazi, majani yamekauka, vumbi kila mahali. Kwenye nyumba ya wazazi niliona mwimo wa mlango umechakaa upande mmoja. Nilijua sababu. Baba alikuwa mvunja mawe. Kila jioni alipiga kofia yake pale kabla ya kuingia. Sisi watoto tukisikia po! po! tulikimbia kumpokea, tukicheka ndani ya vumbi lake.

Baba alikohoa. Alisema, "Ni kikohozi cha kazi, kitapita." Tukakizoea usiku kama tulivyozoea sauti ya treni. Alipokubali kupimwa makohozi alikuwa amekwisha kukonda. Ilikuwa kifua kikuu. Alinywa dawa mpaka mwisho, akapona, lakini pumzi yake haikurudi yote. Leo akitoka sokoni hupumzika mara mbili njiani.

Mtafikiri mimi, niliyejifunza uganga, sikurudia kosa lile. Nililirudia. Nikitoka machimboni na sanduku la dawa, nilifika nyumbani na nguo zilezile, nikambeba binti yangu. Mchana nafundisha wengine, jioni najisahau. Siku moja mtoto alinipiga mgongoni kwa mikono yake, vumbi likaruka, akacheka. Nikakumbuka mlango wa baba.

Niliapa kubadilika, nikashindwa, kwa sababu jioni mtu amechoka na kiapo kimechoka pia. Bibi yangu ndiye aliyepata njia. Alipigilia msumari nyuma ya nyumba, akaweka ndoo ya maji na sabuni. Akamwambia mtoto, "Usimkimbilie baba mpaka amekwisha kunawa." Tangu hapo mtoto ndiye askari wangu. Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Basi zoea baya tuliondoe kwa kuweka zoea jema mahali pake, saa ileile, kila siku.

Kwa nini nasema sana juu ya vumbi? Vumbi la mawe tunaloliona, pua hulizuia kwa sehemu kubwa. Lile jembamba lisiloonekana ndilo linaloshuka mpaka ndani ya mapafu na kuyaacha na makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosi. Hauna dawa ya kuuponya, na unaweza kuendelea hata mtu akiacha kazi ya vumbi.

Vumbi halizai kifua kikuu. Kifua kikuu huletwa na kijidudu alichokigundua daktari Robert Koch mwaka 1882, nacho hupita katika hewa mgonjwa anapokohoa. Hakipiti katika sahani ya bukari wala katika kushikana mikono. Lakini mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hushindwa kukizuia. Sigara huzidisha hatari, kwa sababu huharibu vinyweleo vidogo vinavyofagia uchafu katika njia ya pumzi.

Basi tufanye hivi:

Kazini, mwaga maji kabla ya kuchimba au kufagia. Vaa kifuniko cha pua ulichopewa kwa kazi ya vumbi. Kitambaa tu hakizuii vumbi jembamba.

Ukimaliza kazi, oga na ubadili nguo kabla ya kushika mtoto. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba. Mama, zitie kwanza majini, na uzifue mbali na nguo za watoto.

Ukikohoa kwa majuma mawili, njoo upimwe. Usingoje kukonda, wala usingoje damu. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa vidonge, mara nyingi kwa miezi sita. Mtu huanza kujisikia vizuri mapema, naye akiacha dawa hapo, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu zaidi. Nyumba nzima imsaidie kumaliza.

Ndugu yangu, usiape kubadilisha maisha yote kwa siku moja. Leo jioni tafuta msumari mmoja, uupigilie nyuma ya nyumba, na uweke ndoo chini yake. Kesho utundike nguo zako pale, unawe, halafu mwite mtoto.