Mifupa kwa Zeus, minofu kwa watu

Anayetazama magofu ya Parthenon kule Athens hudhani humo ndani ndimo watu walimosali. Sivyo. Hekalu la Wagiriki wa kale lilikuwa makazi ya mungu, mahali pa sanamu yake na hazina yake. Ibada ilikuwa nje, kwenye madhabahu, penye jua, moshi na nzi.

Ng'ombe aliletwa kwa maandamano, mbele yake binti mwenye kikapu cha shayiri, na chini ya shayiri kuna kisu. Plutarch aliandika kwamba mnyama hakuchinjwa mpaka amwagiwe kinywaji na kutikisa kichwa, kana kwamba amekubali. (Ridhaa ya namna hiyo ingemtia shaka hakimu yeyote.) Kisu kilipopita, wanawake walipiga vigelegele. Maini, moyo na figo vilichomwa mishikakini, wakatangulia kuvila waliosimama karibu. Mifupa ya mapaja ikafungwa kwa mafuta na kuteketezwa, moshi ukapanda kwa miungu. Minofu je? Ikapikwa, ikaliwa na watu.

Mgawanyo huo wa ajabu mshairi Hesiod aliueleza mnamo 700 KK kwa hadithi: Prometheus mjanja aliificha mifupa ndani ya mafuta meupe, Zeus akachagua fungu hilo, nalo likabaki la miungu. Hesiod, kwa kumstahi mkuu wa miungu, anadai Zeus aliujua ujanja tangu mwanzo.

Basi sikukuu ilikuwa pia siku ya kitoweo. Katika Panathenaia, sherehe ya Athena, nyama iligawiwa wananchi katika mtaa wa Kerameikos kwa amri iliyochongwa kwenye jiwe. Ngozi nazo hazikutupwa: katika miaka ya 330 KK mji uliuza ngozi za wanyama wa sadaka na kuandika mapato yake.

Msahafu hawakuwa nao, wala kanuni ya imani ya kukariri. Mcha Mungu alijulikana kwa alichofanya mbele ya wenzake. Ndiyo maana Socrates aliposhtakiwa mwaka 399 KK kwamba haitambui miungu ya mji, mfuasi wake Xenophon hakuanza kumtetea kwa kueleza yaliyokuwa moyoni mwake. Alisema kwanza kwamba watu walimwona akitoa sadaka, nyumbani kwake na kwenye madhabahu za mji. Utetezi huo uliandikwa miaka kadhaa baadaye, Socrates akiwa ameshakunywa sumu aliyohukumiwa.