Sikonge: Pori tele, pa kupiga hema haba

Msafiri wa gari na hema atokaye Tabora kwenda Mpanda huona pori tupu akishapita Sikonge. Pori hilo lina wenyewe. Misitu ya hifadhi husimamiwa na TFS, Ipole ni hifadhi ya wanyamapori ya vijiji, na Mto Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019. Kwingine ni ardhi ya vijiji, chini ya sheria ya 1999. Kibali hutafutwa kabla ya safari, kama misafara ya pembe ilivyolipa hongo kwa watemi. Hapo ndipo penye biashara: kiwanja chenye uzio, maji na choo Sikonge mjini. Barabara sasa ni lami. Mgeni asiyepata pa kulala hupitiliza na fedha zake.