Je, Wajua? Punje za Njano Kwenye Gunzi la Mahindi Meupe

Mahindi meupe yakipandwa jirani na ya njano, punje chache za njano huweza kujitokeza kwenye gunzi jeupe msimu huohuo.

Si ugonjwa wala udongo. Upepo hupeperusha chavua hadi kwenye ndevu za hindi la jirani, na kila uzi wa ndevu hizo umeungana na punje moja. Kwa hiyo punje za gunzi moja huweza kuwa na baba tofauti! Jeni ya njano ni tawala: nakala moja tu yatosha kuitengenezea punje rangi. Weupe ni sifa fiche, huonekana pale tu pande zote mbili zinapoutoa.

Zikitazamwa kwa karibu, punje hizo mara nyingi zimepauka, kwani sehemu yake ya wanga hubeba nakala mbili za mama mweupe na moja ya baba.

Zikipandwa na kujichavusha zenyewe, hutarajiwa punje tatu za njano kwa moja nyeupe, uwiano ambao Gregor Mendel aliupata kwenye njegere huko Brno na kuuchapisha mwaka 1866. Mkulima wa mahindi meupe ana nafuu kubwa: punje nyeupe haifichi jeni ya njano, hivyo akichambua mbegu kwa macho huweza kuziondoa zote za njano.