Wino wa mwalimu ni juu ya nani?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, wiki hii tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo ni nadra kusikika mimbarini, nalo ni mzigo walionao walimu wa kujitegemea wanaosomesha watoto wenye mahitaji maalumu. Hawa hawakuajiriwa na serikali wala na shule yoyote. Huenda nyumba hadi nyumba, saa mbili hapa na saa moja pale, na kipato chao ni ada wanayopewa na wazazi.

Mtoto mwenye usonji asiyesema anaweza kuelewana na mama yake kwa kugusa picha ya kikombe anapoona kiu. Mwenye mtindio wa ubongo, ambaye vidole vyake havishiki penseli, anaweza kuchora kwa kugusa kioo cha kifaa. Kazi hizi hufanywa kwa programu za kompyuta, na hapo ndipo mwalimu anapokwama.

Tutazame mifano miwili. Programu iitwayo Proloquo2Go, ambayo mtoto hugusa picha na kifaa kikatamka neno kwa niaba yake, huuzwa takriban dola 250 za Marekani. Hizo ni zaidi ya shilingi laki sita za Tanzania, na tena hutumika katika vifaa vya Apple tu, ambavyo navyo ni ghali. Ama programu nyingi za Adobe za kuchora na kutengeneza picha, tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya hutolewa kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Ipo bei nafuu kwa walimu, lakini anayeitaka hutakiwa kuthibitisha kuwa yumo katika shule au chuo kinachotambulika. Mwalimu wetu hana shule. Shule yake ni sebule za watu. Hivyo mwenye kipato kidogo zaidi ndiye anayedaiwa bei kubwa zaidi.

Kwa sababu hiyo wako wanaouliza: je, yafaa kutumia nakala iliyodurufiwa bila kulipiwa, madhali nia ni kumsaidia mtoto? Jibu ni kuwa nia njema haihalalishi mali ya mtu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sharia, na haijuzu kuzivamia.

Lakini haitoshi kumkataza mwalimu kisha tukaenda zetu. Yatupasa kujiuliza: chombo hiki ni juu ya nani?

Wanavyuoni wetu walilijadili swali hili karne nyingi kabla ya kompyuta. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika kitabu chake Minhaj, mlango wa ijara, anataja kuwa mwandishi aliyekodiwa kunakili halazimiki kutoa wino, wala fundi cherehani halazimiki kutoa uzi. Kisha anataja kauli ya Imam Rafii kwamba jambo hilo hurudishwa kwenye ada ya watu. Na ada ikiwa haieleweki, ni wajibu kubainisha katika mkataba.

Programu ndiyo wino wa mwalimu huyu. Nani kati yetu, alipokubaliana naye ada, alitaja wino? Wengi hukubaliana juu ya saa na siku, wakanyamaza kuhusu chombo, na kunyamaza huko kukawa hasara ya mwalimu. Akishindwa huacha kazi, na mtoto aliyekuwa ameanza kuomba maji kwa picha hurudi kulia bila kueleweka.

Basi tunanasihi mambo matatu.

Kwanza, wazazi wabainishe tangu mwanzo nani atalipia programu na kifaa. Familia tatu au nne zinazomtumia mwalimu mmoja zinaweza kuchangiana, mradi masharti ya leseni yafuatwe.

Pili, vianzwe vya bure vilivyo halali. Tux Paint, programu ya watoto ya kuchora iliyotoka mwaka 2002, haina malipo na haihitaji kompyuta ya kisasa. Hazina ya picha za mawasiliano ya ARASAAC, inayomilikiwa na serikali ya jimbo la Aragón nchini Hispania, hutoa maelfu ya picha bila malipo, kwa sharti chanzo kitajwe na zisitumike kibiashara. Picha hizo zikichapishwa na kubandikwa kwenye kadibodi, hutumika hata umeme ukikatika.

Tatu, wenye uwezo wakumbuke zaka na wakfu. Nawawi huyo huyo, katika al-Majmu', anaeleza kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua chombo cha kazi yake, kiwe cha thamani ndogo au kubwa. Mwalimu fakiri asiye na chombo anaingia humo. Na msikiti au madrasa inaweza kuweka wakfu kifaa kimoja chenye programu zilizolipiwa, kikaazimwa kwa zamu.

Tumezoea kuchangia mazulia na vipaza sauti vya misikiti, na hilo ni jema. Tuchangie pia sauti ya mtoto ambaye bado hajaweza kumwita mama yake.

Wabillahi tawfiq.