Soko Ni Zuri, Lakini Maji Je?

Wazazi wapenzi, mmekwisha sikia lile pendekezo la kugeuza kiwanja kilichopo kati ya bomba na shule yetu kiwe soko la vibanda 60. Sisi walimu wa kujitolea hatupingi soko. Mama akiuza mihogo, mtoto anapata daftari. Ila kabla ya kusema ndiyo, tuhesabu kwanza.

Maji. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika mengi ya misaada, vinasema bomba 1 lihudumie watu 250, likitoa lita 7.5 kwa dakika. Hapo dumu la lita 20 linajaa karibu dakika 3. Wauza chai wakitangulia na madumu 10, wewe unangoja karibu nusu saa. Na anayetumwa bombani asubuhi ni nani? Ni yule yule binti tunayemwandika "amechelewa".

Vyoo. Viwango hivyo vinataka soko la kudumu liwe na choo 1 kwa kila vibanda 20. Basi vibanda 60 ni vyoo 3. Visipochimbwa, watu wataingia vya shule.

Mvua. Kiwanja kile ndicho kinachokunywa maji. Kikijaa mabati, maji yatashuka madarasani.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa zoni tuombe mambo matatu yaandikwe: bomba la soko peke yake, vyoo 3, na mtaro uchimbwe kabla ya kibanda cha kwanza. Ahadi ya mdomo inapeperuka. Tufike wote, akina baba na akina mama.