Kadi za Maneno Hazimfundishi Mtoto Kusoma

Wazazi wanaowasomesha watoto wao nyumbani huwauliza wataalamu wa ufundishaji wa kusoma swali moja, na huliuliza kwa maneno yaleyale kiasi cha kuchosha: mtoto ametimiza miaka sita, hajajua kusoma, binamu yake aliye chekechea tayari anasoma, je, anunuliwe kadi gani za maneno ili awafikie wenzake? Swali hilo limebeba makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba umri ndio unaoonyesha kama mtoto amechelewa, na la pili ni kudhani kwamba ipo bidhaa ya dukani inayoweza kumfidia mtoto muda unaosemekana kuwa umepotea. Kosa hili la pili ndilo linalowamalizia wazazi fedha na kuwamalizia watoto hamu ya vitabu, kwa hiyo ndilo linalostahili kushughulikiwa kwanza, na kwa urefu.

Njia ya kadi ni kumwonyesha mtoto neno zima lililoandikwa kwa herufi kubwa, kwa haraka na mara nyingi kwa siku, bila kumfundisha herufi wala silabi, kwa kutumaini kwamba akili yake italinasa umbo la neno kama inavyonasa sura ya mtu. Aliyeieneza zaidi ni Glenn Doman, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye katika kitabu alichokichapisha mwaka 1964 aliwashauri wazazi wawafundishe watoto wachanga kusoma kwa kadi zenye maneno makubwa mekundu. Tangu wakati huo kadi zimegeuzwa kuwa video, na video zimegeuzwa kuwa programu za simu, lakini dai halijabadilika: mtoto akianza mapema na akaona maneno mengi, atasoma kabla ya wenzake na atabaki mbele yao.

Dai hilo limekwisha kupimwa, na limeshindwa. Mwaka 2012 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliifungulia mashtaka kampuni iliyokuwa ikiuza mpango wa video na kadi kwa ajili ya watoto wachanga, ikiituhumu kwamba ilidai mambo isiyoweza kuyathibitisha, na kampuni hiyo ilifunga shughuli zake. Miaka miwili baadaye, mtafiti Susan Neuman na wenzake walichapisha jaribio waliloshirikisha watoto 117 wenye umri wa kati ya miezi 9 na 18, ambao baadhi yao walipewa mpango wa aina hiyo kwa miezi 7 na wengine hawakupewa. Watoto waliopewa hawakujifunza kusoma. Jambo la kuzingatiwa zaidi katika jaribio hilo ni kwamba baadhi ya wazazi waliotumia mpango huo waliendelea kuamini kwa dhati kwamba unafanya kazi, ilhali vipimo havikuonyesha hivyo.

Imani ya wazazi hao haitokani na ujinga, bali inatokana na kile wanachokiona kwa macho yao. Mtoto anapoonyeshwa kadi yenye neno “mpira” akalitamka, amefanya jambo la kweli, isipokuwa jambo hilo si kusoma. Ameitambua picha, na picha hiyo imetokea kuwa imechorwa kwa herufi. Anaweza kuwa anaikumbuka kwa urefu wake, kwa mkia wa ile “p”, au hata kwa doa lililo pembeni mwa kadi. Kusoma ni kugeuza alama zilizo kwenye karatasi kuwa sauti za lugha, kwa kanuni inayomwezesha msomaji kulitamka hata neno ambalo hajawahi kuliona, na kanuni hiyo ndiyo ambayo kadi haimpi.

Katika Kiswahili hasara huwa kubwa zaidi, na inashangaza kwamba wauzaji wa kadi za Kiswahili hawaulizwi kuhusu jambo hili. Kitenzi cha Kiswahili hakikai katika umbo moja. Mtoto aliyefunzwa kuitambua kadi ya “soma” atakapofungua kitabu atakutana na anasoma, walisoma, hatujasoma, nisomee, msisomeshwe na watakaposomeana, na hakuna hata moja kati ya maumbo hayo lililo kwenye kadi zake. Kadi za kutosheleza kitenzi hicho kimoja tu zingejaza kabati. Mtoto anayezijua silabi, yaani vile vipande vya neno vinavyotamkwa kwa pigo moja la sauti, huyasoma maumbo yote hayo kwa “so”, “ma” na “me” na viambishi vichache vinavyojirudia katika kila ukurasa. Lugha ina irabu tano, kila irabu ina sauti moja, na karibu kila herufi husomwa jinsi inavyoandikwa. Kuiacha njia hiyo iliyo wazi na kumkaririsha mtoto maumbo ya maneno mamia kwa mamia ni kumchosha bure.

Hata hivyo, uwazi huo usimfanye mzazi adhani kwamba hakuna la kufundisha. Katie Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza makosa ya tahajia ya watoto wa Tanzania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, walionyesha kwamba hata katika lugha inayoandikwa kwa utaratibu kama Kiswahili kujifunza kuandika kwa usahihi si kazi nyepesi. Mtoto anayesoma “kuku” na “baba” bila shida anaweza kukwama kwenye “mtu”, ambamo “m” ni silabi inayojitegemea, au kwenye “mbwa” na “kunywa”, ambamo konsonanti kadhaa zimeambatana kabla ya irabu, au akashindwa kutofautisha sauti ya “ng” katika “ngoma” na ile ya “ng'” katika “ng'ombe”. Hapo ndipo mwalimu wa nyumbani anapohitajika, na hapo ndipo mtoto wa kadi anapoachwa peke yake.

Mzazi anayetaka kujua ukweli kuhusu mtoto wake ana kipimo kisichogharimu chochote. Mtoto anayesemekana kwamba anakisoma kitabu kizima apewe ukurasa ambao picha yake imefunikwa kwa kipande cha karatasi, kisha aelekezwe neno lililo katikati ya sentensi na aulizwe ni neno gani. Baada ya hapo aandikiwe maneno yasiyo na maana, kama “bemuli”, “takopi” na “zunewa”. Aliyeipata kanuni atayatamka polepole, pengine kwa kufuata kidole, na huenda akacheka kwa sababu maneno hayo hayapo. Aliyekariri atainua macho kutoka kwenye karatasi na kuyaelekeza kwenye uso wa mama yake, kwa kuwa kwake jibu limekaa huko siku zote. Mtoto wa miaka saba anayelisoma “zunewa” kwa kusitasita yuko njiani, na yule wa miaka minne anayeghani kitabu kizima bila kukitazama bado hajaanza.

Kuhusu umri wenyewe, hofu ya kuchelewa imeazimwa kwa kiasi kikubwa kutoka mahali pengine, yaani katika nchi zinazofundisha kusoma kwa Kiingereza na kumwanzisha mtoto akiwa na miaka minne au mitano. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha lugha mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kwamba mwishoni mwa darasa la kwanza watoto wa Ufini walisoma kwa usahihi takriban maneno 98 katika kila 100, ilhali wale wa Uskoti, waliokuwa wakijifunza kwa Kiingereza, walisoma takriban 34. Watoto wa Ufini huanza shule wakiwa na miaka saba, lakini watafiti hawakuona kwamba tofauti ya umri inatosha kueleza pengo hilo. Sababu waliiona katika namna lugha zenyewe zinavyoandikwa. Kiswahili kiko karibu na Kifini kuliko Kiingereza katika jambo hili, hivyo ratiba ya mtoto wa Uingereza haina mamlaka juu ya mtoto anayejifunza kusoma kwa Kiswahili. Naye Sebastian Suggate aliwalinganisha watoto wa New Zealand walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka mitano na wale wa shule za Steiner walioanza wakiwa na miaka saba, akakuta kwamba walipokaribia miaka 11 pengo kati yao lilikuwa limekwisha.

Hata kasi ya kusoma haifai kulinganishwa lugha kwa lugha. Vigezo vilivyotumika Kenya katika mpango wa Tusome, ulioenezwa nchi nzima kuanzia mwaka 2015, vilimtaka mtoto wa darasa la pili asome maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili ili ahesabiwe kuwa anasoma kwa ufasaha. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na neno moja kama “hawakutuambia” hubeba kile ambacho Kiingereza hukigawa katika maneno kadhaa. Mzazi anayepima lugha zote mbili kwa kipimo kimoja atamwonea mtoto wake.

Alan Thomas na Harriet Pattison, katika kitabu chao cha mwaka 2007 kuhusu watoto wanaojifunzia nyumbani, walieleza juu ya watoto waliojifunza kusoma kwa nyakati zilizopishana sana, wengine kwa mafundisho machache mno. Ushahidi huo ni wa kweli, lakini familia zilizochunguzwa zilikuwa za wazazi waliochagua njia hiyo wenyewe, kwa hiyo haufai kutumiwa kama ruhusa ya kumwacha mtoto katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja cha lugha anayoielewa, huku ikisemwa kwamba atasoma akiwa tayari. Mwendo ni wa mtoto, lakini kanuni ya maandishi lazima apewe na mtu.

Yanayobaki kutendwa ni machache. Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha: irabu kwanza, kisha konsonanti zinazojirudia sana, kisha silabi, na kila silabi iandikwe siku hiyohiyo inaposomwa. Kadi zilizokwisha kununuliwa zikatwe kwa mkasi kati ya silabi, ili mtoto ajenge maneno mapya kwa vipande hivyo. Asomewe hadithi kwa sauti kila siku, ikiwa ni pamoja na hadithi alizozisimulia mwenyewe mzazi akaziandika, na asome maandishi ya pakiti ya unga na ubavu wa daladala. Aanze kwa lugha anayoizungumza. Mzazi aliye Kenya aisome pia Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inayomtaka mzazi kumwandikisha mtoto shuleni, na apate ushauri wa kisheria mapema.

Zipo dalili zisizofaa kusubiriwa: mtoto aliyefundishwa kila siku kwa miezi kadhaa na bado herufi chache hazimkai, anayeshindwa kupiga makofi kwa silabi za jina lake akiwa na miaka saba, aliyechelewa kuzungumza, anayeugua masikio mara kwa mara, au aliye na ndugu wenye disleksia, ambayo ni ugumu wa kudumu wa kuhusisha herufi na sauti usiotokana na upungufu wa akili. Masikio yapimwe kwanza, kisha macho. Miwani na vioo vya rangi vinavyouzwa kama tiba ya disleksia visinunuliwe, kwani tamko lililotolewa mwaka 2009 na vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani lilieleza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuviunga mkono. Nchini Kenya vipo vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, na mzazi anayekwenda huko achukue daftari zenye mwandiko wa mtoto wa miezi iliyopita pamoja na orodha ya herufi na silabi anazozitambua bila kusaidiwa.